Barua ya wazi kwa wanaosimamia mafundi: hesabuni mituba kabla ya kutuandikisha

Kwa Waheshimiwa mnaosimamia utamaduni, misitu, kilimo na mafunzo ya ufundi serikalini. Kwa viongozi wa wilaya za Mpigi, Butambala, Bukomansimbi na Masaka. Na kwa wakubwa wetu wa Mengo, makao ya ufalme wa Buganda.

YAH: UANDIKISHAJI WA WAKOMAZI (WAPONDAJI) WA MBUGU, NGUO YA GOME LA MTI, NA VIBANDA VYAO

Waheshimiwa,

Salamu kwenu nyote. Fomu za kuandikisha mafundi huja vijijini na kuondoka: jina, namba ya kitambulisho, simu, kikundi, akaunti ya benki. Tunazijaza, maana anayekataa kuandikwa amejitoa mwenyewe. Lakini hakuna fomu iliyowahi kuuliza swali ambalo kwetu ndilo la kwanza: una mituba mingapi, miti inayotoa gome hilo, na uliibambua lini mara ya mwisho? Mtu asiye na jibu la swali hilo anaweza kuwa mfanyabiashara mzuri wa mbugu au mshonaji hodari wa mikoba, ila mkomazi si yeye.

Tunaomba uandikishaji wa chama cha mafundi wa mbugu katika eneo letu uanzie kwenye mti, upite kwenye kibanda, ndipo ufike kwa mtu. Ukianza kwa mtu, mtapata orodha ndefu na mbugu chache.

Tumeandika kwa Kiswahili kwa sababu ni lugha rasmi ya pili ya Uganda tangu marekebisho ya Katiba ya 2005, na kwa sababu neno lenyewe limo humo siku nyingi. Kile Waganda wanachokiita lubugo, Kiswahili cha misafara kilikiita mbugu, na Speke, mpelelezi Mwingereza aliyefika kwa Kabaka (mfalme) Mutesa mwaka 1862, aliandika hivyo hivyo katika kumbukumbu zake. Mkomazi ni yule anayeiponda. Tutatumia maneno hayo mawili.

Historia mnaijua, hatutakaa nayo. Zamani karibu kila kijiji cha Buganda kilikuwa na kibanda cha kupondea. Wafanyabiashara kutoka Pwani walileta pamba katika karne ya 19, merikani na kaniki, na mbugu ikaanza kurudi nyuma mpaka ikabaki kwenye kutawazwa, mazishi, tiba na sherehe za ukoo. Mwaka 2005 UNESCO ilitangaza utengenezaji wa mbugu kuwa moja ya kazi bora za urithi wa binadamu, na mwaka 2008 ukaingizwa katika orodha ya urithi usioshikika. Tulishukuru, na bado tunashukuru. Kutambuliwa huko kulilinda jina. Mti haukulindwa.

Mti wenyewe ni mutuba, ambao wataalamu wa mimea huuita Ficus natalensis. Mkulima wa mbugu haupandi kwa mbegu. Anakata tawi lililonyooka, refu kupita kimo cha mtu, anaondoa majani, kisha analisimamisha kivulini siku kadhaa mpaka utomvu mweupe ukauke penye jeraha. Likipandwa utomvu ukiwa bado unachuruzika, mguu wake huoza udongoni, na mtu hulaumu mchwa. Likipandwa fupi, mbuzi humaliza machipukizi yake yote. Na likishashika, kazi ndiyo kwanza imeanza: kila chipukizi linalotoka ubavuni mwa shina huvunjwa kwa kidole likiwa bado laini. Likiachwa liwe tawi, kisha likatwe kwa panga mwaka wa tatu, huacha kifundo, na kifundo cha shina ni tundu kwenye mbugu. Mnapoona mbugu yenye viraka kumi, mara nyingi lawama si ya aliyeponda. Ni ya aliyeutelekeza mti ukiwa mchanga.

Mutuba hubambuliwa mara ya kwanza ukiwa na miaka 5 hadi 8, kutegemea udongo. Gome hilo la kwanza ni gumu na la kukwaruza. La pili ni bora, na yanayofuata ni bora zaidi. Mti unaotunzwa hutoa gome moja kila mwaka kwa miaka 30 na zaidi, ukiwa umesimama, ukiwa na majani, ukiendelea kutia kivuli kahawa na migomba iliyo chini yake. Nguo inatoka na mti unabaki.

Sasa wekeni miaka hiyo kando ya fedha zenu. Mkopo wa PDM, mpango wa serikali wa maendeleo kupitia parokia (eneo la utawala lenye vijiji kadhaa), wa shilingi milioni 1 kwa kaya hutakiwa kurudishwa mutuba ukiwa bado haujafikia unene wa paja. Mkomazi mwenye akili timamu hawezi kuuchukua kwa ajili ya miti, kwa hiyo anaandika kwamba atafuga kuku. Mnapata takwimu ya mfugaji, naye anarudi kibandani bila mti mpya hata mmoja. Hatusemi mpango huo ni mbaya. Tunasema haukupimwa kwa mti unaochukua miaka 8.

Na wakati huohuo miti iliyopo inaondoka. Katika eneo letu mutuba unakaa kwenye kibanja, katikati ya kahawa au kwenye mpaka wa shamba, na wakomazi wengi hawana miti yao wenyewe, wananunua gome kwa mwenye shamba. Kibanja kikiuzwa au kikigawanywa kwa warithi, mgeni huona mti mnene usiozaa tunda la sokoni. Anaukata, unakuwa kuni za tanuri la matofali. Nafasi yake inapandwa mkaratusi, kwa sababu miche ya mkaratusi ni rahisi kupatikana, ilhali kikonyo cha mutuba, lile tawi la kupanda, hakiko kwenye kitalu chochote cha miche ya bure tunachokijua. Hakuna aliyepewa sababu ya kuuacha mutuba usimame.

Tuje kwenye kubambua, maana hapa ndipo ufundi unapojulikana, na ndipo mafunzo ya siku tatu yanapoharibu.

Gome hutolewa msimu wa mvua, Machi hadi Mei na Septemba hadi Novemba. Mti ukiwa umejaa maji, gome huachana na shina bila kung'ang'ania. Kiangazi hung'oka vipande vipande na shina hubaki na vidonda. Kwanza fundi hukwangua ngozi ya nje, ile ya kijivu. Kisha hupanda ngazi akakata pete juu, chini kidogo ya matawi, akashuka akakata pete nyingine karibu na ardhi, halafu akachora mstari mmoja wa wima unaoziunganisha. Kisu kinatakiwa kusimama pale gome linapoishia. Kikizama ndani ya mti huacha kovu, na mwakani kovu hilo litakuwa mstari mgumu katikati ya nguo, utakaopasuka kwa nyundo ya tatu.

Baada ya mstari huo chuma huwekwa chini. Gome huachanishwa kwa kabari iliyochongwa kwenye mgomba, laini na yenye maji, inayosukumwa taratibu kuzunguka shina. Panga lingeimaliza kazi hiyo kwa dakika chache, na lingeua mti. Tazameni shina wakati gome linapotoka: linabaki jeupe, limelowa, limefunikwa na utando unaong'aa kama ute wa yai. Utando huo ndio unaolizaa gome la mwakani. Ukikwanguliwa kwa chuma, ukipapaswa kwa vidole, ukipigwa na jua la mchana mmoja, pale pameisha. Ndiyo maana shina huvikwa majani ya mgomba saa ileile, kabla gome halijapelekwa popote, yakafungwa kwa kamba za mgomba bila kukazwa sana. Wengine hupaka na samadi mbichi ya ng'ombe.

Majani hukaa siku chache, mpaka wiki hivi, kisha hufunguliwa. Watu husahau. Yakiachwa mwezi, unyevu hukaribisha wadudu, na mutuba, ambao kwa tabia yake huteremsha mizizi ya hewani, huanza kuiotesha ndani ya kifuniko. Kila mzizi hujichimbia kwenye gome changa, na kila mmoja ni tundu la mwakani. Kwa hiyo anayebambua lazima arudi. Mtu anayenunua gome, akabambua, akaondoka na pikipiki yake asirudi kufungua majani, ameuharibia mti mwenzake atakayekuja baadaye. Hili ndilo kosa linaloenea sasa, na hakuna kanuni inayolitaja.

Gome likitoka haliwezi kusubiri. Hukunjwa ndani ya majani ya mgomba ili lisikauke, hupitishwa juu ya moto wa majani makavu au hufukizwa kwa mvuke ili lilainike na utomvu upungue, kisha huingia kibandani.

Kibanda cha kupondea, ekkomagiro, kina paa na hakina kuta. Wageni wakikiona hufikiri ni umaskini. Wafadhili hupendekeza kutujengea chumba cha matofali chenye madirisha na mabati, na hata ramani huja nayo. Tunaomba msijenge chumba hicho. Paa lipo kuzuia jua kali, maana gome likikauka kabla halijapanuka hupasuka. Kuta hazipo kwa sababu wapondaji hutoka jasho kwa saa nyingi na moshi wa kulainishia gome uko karibu. Tena gogo la kupondea, omukomago, hukaa chini kwa urefu wa kibanda, na mbugu huvutwa huku na huku juu yake, wakati mwingine mita nyingi kupita ncha za gogo. Paa la nyasi ndilo bora. Kama nyasi hazipatikani, mabati yawekwe juu sana, na chini yake itandikwe dari ya matete au majani makavu. Sakafu iwe udongo ulioshindiliwa. Saruji hutoa vumbi la mchanga, nalo likiingia chini ya nyundo hutoboa kama msumari. Kwa sababu hiyo hiyo kibanda kisiwe kando ya barabara ya vumbi, hata kama hapo ndipo mtalii anaposimamisha gari.

Nyundo, ensaamu, ni ya mti mgumu, kichwa chake cha mviringo kimechongwa mikato ya kukizunguka. Fundi anazo tatu: ya mikato mipana, ya mikato ya kati, na ya mikato myembamba kama nyuzi. Ya kwanza husukuma gome litanuke, ya pili husawazisha, ya tatu hulainisha na kuacha zile alama nyembamba mnazoziona kwenye nguo iliyokamilika. Wapondaji hukaa chini kandokando ya gogo, wakipokezana mapigo, wakianzia ukingo mmoja kwenda wa pili kwa safu bila kuruka. Nyundo hushuka bapa. Ikishuka kwa ukingo hukata. Baada ya mzunguko wa kwanza gome hukunjwa mara mbili na kupondwa likiwa limekunjwa, ili sehemu nene zikutane na nyembamba. Upana huongezeka mara nne, hata tano. Urefu huongezeka kidogo tu.

Anayeharakisha huichukua nyundo nyembamba mapema, kwa kuwa inafanya nguo ipendeze upesi. Mbugu hiyo huonekana laini siku ya kuuzwa, na ndani ya miezi michache hukakamaa, kwa sababu nyuzi zake hazikuachana vya kutosha chini ya nyundo ya kwanza. Nyundo nazo huchakaa. Mikato ikijaa au ikilainika, nyundo huteleza badala ya kushika, na mpondaji huongeza nguvu, na nguvu hutoboa. Kuchonga mikato upya ni kazi ya mtu anayejua kuchonga, na wachongaji hao wamebaki wachache kuliko wakomazi wenyewe. Mkitafuta mahali pa kuweka fedha kidogo zikaleta faida kubwa, wekeni hapo: mchongaji mmoja wa nyundo kwa kila wilaya, na mwanafunzi wake.

Kuhusu mashine ya kupondea, inayotajwa kila mwaka, msimamo wetu ni huu. Mashine inayoshusha uzito uleule kila mara haiwezi kujua kwamba hapa gome ni nene na pale palikuwa na kifundo. Mkono unajua, sauti ya gogo inauambia. Mtu akitengeneza mashine ya kufanya mzunguko wa kwanza tu, ule mzito, na kuacha miwili inayofuata kwa mkono, tutaipokea na kuijaribu mbele yenu. Asituletee ya kumaliza kazi yote.

Baada ya kupondwa mbugu hutandazwa juani juu ya nyasi safi, kingo zikishikiliwa na mawe. Inatoka mtini ikiwa imepauka, na jua ndilo linaloigeuza rangi ya udongo mwekundu. Upande ulioangalia juu huwa mwekundu zaidi. Ikitandazwa juani saa sita mchana siku ya kwanza, hukauka upesi mno na kuvunjika kwenye mikunjo. Hurudishwa kibandani, ikalowanishwa kidogo, ikafinyangwa kwa mikono, ikapondwa tena. Matundu hukatwa yawe na umbo safi, hutiwa kiraka cha mbugu ya unene uleule, na kushonwa kwa nyuzi za mwale. Uzi wa nailoni ni mgumu kuliko nguo yenyewe: ukivutwa unaikata. Ghalani mbugu iviringishwe badala ya kukunjwa, na isiguse sakafu, maana unyevu huleta ukungu mweusi usiotoka.

Tumeeleza haya kwa kirefu, Waheshimiwa, kwa sababu kila hatua hapo juu inapaswa kuwa sharti la uanachama, na kwa sasa hakuna hata moja.

Chama cha wakomazi hakiundwi leo. Ukoo wa Ngonge ndio wenye kazi hii tangu enzi, chini ya Kaboggoza, fundi mkuu wa kurithi. Kama ukoo wa Ngeye ulivyo na wajibu wa kuezeka makaburi ya wafalme wa Buganda huko Kasubi, na ulivyouonyesha baada ya moto wa Machi 2010 mpaka Kasubi ikaondolewa katika orodha ya urithi ulio hatarini mwaka 2023, vivyo hivyo Ngonge ina wajibu wa mbugu. Orodha yoyote inayopuuza hilo itakataliwa vijijini, na itakuwa halali yake. Lakini leo wanaoponda ni wa koo nyingi, na wapo wasio Waganda waliojifunza kwa miaka. Tunapendekeza Kaboggoza na wazee wake wawe wenye neno la mwisho juu ya ufundi, na mlango uwe wazi kwa kila anayeujua ufundi huo.

Tunapendekeza kinachoandikishwa kiwe kibanda. Kila kibanda kiwe na daftari moja: mti gani, wa nani, umebambuliwa tarehe gani, na nani, majani yamefunguliwa tarehe gani, mbugu imetoka na upana gani na viraka vingapi. Mtu ataingia katika orodha kupitia kibanda anachofanyia kazi. Vikundi vilivyoanzishwa wiki moja kabla ya mgao wa fedha vitajulikana mara moja, kwa kuwa daftari lao litakuwa tupu na hakuna mwenye shamba atakayewatambua.

Mtihani wa kuwa fundi kamili usimalizike kwa siku moja. Serikali tayari hutoa hati kwa watu waliojifunzia kazini bila kupita shule, na utaratibu huo ni mzuri, tunauunga mkono. Ila kwa mkomazi, mtahini akija asubuhi akaona mtu anaponda vizuri, ameona nusu. Mwanafunzi abambue mti mbele ya mashahidi, atengeneze mbugu, na mbugu hiyo ipewe alama. Kisha mtahini arudi mvua za mwaka unaofuata kuutazama mti uleule. Kama gome limerudi laini bila mabaka wala mizizi ndani yake, apewe hati. Kama shina lina sehemu kavu iliyokufa, asipewe, hata kama mbugu yake ilikuwa nzuri kuliko zote. Kurudi huko ni gharama ya safari moja tu, na daraja la ufundi litakuwa na maana.

Ada ya uanachama tunaomba ilipwe kwa vikonyo. Kila mkomazi alete vikonyo 10 vilivyoandaliwa, kila mwaka, vipandwe kwenye mashamba ya wanaotuuzia gome. Fedha za ada hupotea, na zikipotea chama hugombana. Kikonyo kilichoota kila mtu anakiona akipita.

Wanawake wamekuwa wakiachwa nje ya orodha kwa hoja kwamba kuponda ni kazi ya wanaume kwa mila. Juu ya kuponda, wazee wataamua, nasi tunaheshimu. Lakini anayetia kiraka, anayeshona mbugu mbili ziwe moja, anayekata na kupiga pindo, ni fundi wa mbugu, na bila yeye nguo yenye matundu haiuziki. Waandikwe kwenye daftari la kibanda kwa majina yao, kwa kazi yao, na malipo ya kiraka yatajwe kando na malipo ya kuponda. Kwa sasa malipo hayo humezwa ndani ya bei ya nguo, na mshonaji hupewa kinachobaki.

Kuna jambo la soko ambalo ni lenu peke yenu kulirekebisha. Zabuni za sherehe na maonyesho hutaka mbugu kwa mita, za upana mmoja. Mbugu haiuzwi kwa mita, kwa sababu kila mti una kiuno chake. Zabuni ya mita humpa kazi mchuuzi anayekata na kuunga vipande, na humnyima mkomazi mwenye mbugu nzima. Andikeni idadi ya mbugu, upana wa chini kabisa unaokubalika, na idadi ya viraka isiyozidiwa. Tena elezeni ni ya mti gani. Kirundu, mti mwingine kabisa, nao hutoa mbugu, iliyopauka na duni kidogo, na hakuna ubaya kuiuza kwa jina lake. Ubaya ni kuitia rangi nyekundu na kuiita mutuba mbele ya familia iliyofiwa, ambayo haina muda wala moyo wa kukagua nyuzi. Sheria ya viashiria vya kijiografia ya 2013 ipo. Tumieni sheria hiyo kuweka alama moja ya mbugu ya mutuba, lebo iliyoshonwa kwenye pembe, yenye namba ya kibanda na namba ya mti katika daftari. Mnunuzi wa Kampala au wa ng'ambo ataweza kuifuata mpaka shambani.

Lililobaki ni kahawa, na hapa tunazungumza na maofisa wa kilimo hasa. Mnagawa miche ya robusta, na mnawaambia wakulima watie kivuli. Mutuba ni kivuli cha robusta ambacho wazee wa Buganda walikitumia kabla ya vitalu vyenu kuwapo. Majani yake yanayoanguka hufunika udongo, na kubambuliwa hakuui mti wala kivuli chake. Hatua 15 hivi kutoka mti hadi mti zinatosha ili kahawa ipate jua la kutosha. Mkulima anayepokea miche 100 ya kahawa akipewa na vikonyo vitano vya mutuba, na akaambiwa kwamba baada ya miaka minane kila kimoja kitamletea mnunuzi wa gome kila mwaka, hatakuwa na sababu ya kuukata kwa ajili ya matofali. Mwaka mbaya wa bei ya kahawa utamkuta ana kitu kingine cha kuuza. Hili halihitaji bajeti mpya. Linahitaji mstari mmoja katika maelekezo ya mabwana shamba, na makubaliano kati ya kitalu na kibanda kilicho karibu.

Kukata matawi ya vikonyo hufanyika wiki mbili kabla ya mvua, ili yapate muda wa kukauka kivulini. Tunaomba maofisa wa kilimo wa wilaya hizi nne watupe majina ya parokia zitakazopokea miche ya kahawa msimu wa Septemba, na idadi ya kaya, kabla Agosti haijaisha. Tukipata majina hayo tutajua ni matawi mangapi ya kukata, na kutoka kwa miti ipi.

Ni sisi,
wakomazi wa mbugu, wachongaji wa nyundo na washonaji,
Mpigi, Butambala, Bukomansimbi na Masaka.